Meno ya Kale na Damu ya Kurithi: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi ya mtoto wa miaka ipatayo minane aliyezikwa Akhziv, kwenye pwani ya kaskazini ya Israeli, wakati fulani kati ya karne ya 16 na ya 19. Mifupa yake ilikuwa imeharibika kwa namna iliyowafanya wataalamu washuku kwamba alikuwa na talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ukathibitisha shaka hiyo. Tulitaja pia, kwa sentensi moja tu, kwamba picha za eksirei za meno na mataya ni miongoni mwa njia zinazotumiwa kuutafuta ugonjwa wa damu wa kurithi katika mabaki ya kale, na sentensi hiyo ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko habari yenyewe. Nimechagua barua sita. Nyingine nimezijibu kwa urefu na nyingine kwa ufupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayakuwa na uzito mmoja.

Swali la muuguzi wa Muheza, mkoani Tanga: Ninahudumia watoto wenye selimundu, na kwetu ugonjwa huu hugunduliwa kwa kupima damu. Maiti aliyekaa ardhini miaka elfu hana damu. Inakuwaje basi mtu aseme kwamba huyu alikuwa mgonjwa wa damu, tena kwa kutazama meno?

Jibu: Ni kweli kwamba damu haibaki. Kinachobaki ni mahali ilipokuwa ikitengenezwa, yaani ndani ya mifupa, kwenye uboho. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku zipatazo 120, lakini ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi, na mwili unaopoteza chembe kwa kasi hiyo hauna budi kuzalisha nyingine usiku na mchana. Uboho hupanuka, nao ukipanuka huula mfupa kutoka ndani, hata ganda la nje likabaki jembamba na lenye vitundu vidogo vidogo kama sponji. Kwa mtu mzima uboho unaozalisha damu umebaki katika mifupa michache, lakini kwa mtoto mdogo karibu kila mfupa unafanya kazi hiyo, mataya yakiwamo. Ndiyo maana alama kubwa zaidi huonekana kwa wale waliougua wakiwa wachanga.

Hapa tutenganishe magonjwa mawili ambayo mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Katika talasemia iliyo kali, himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, haitengenezwi kwa kiasi cha kutosha, na chembe nyingi hufa humohumo ndani ya uboho kabla ya kutoka kwenda kwenye mishipa. Uboho hujitahidi bure, na jitihada hiyo isiyo na matunda ndiyo inayouvimbisha kuliko katika ugonjwa mwingine wowote wa damu wa kundi hili. Katika selimundu chembe hutoka, lakini zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na sehemu ya mfupa iliyonyimwa damu hufa. Kwa hiyo talasemia hupanua mifupa, ilhali selimundu huiua vipande vipande. Anayetazama picha za mabaki ya kale akisahau tofauti hii atapotea mapema.

Kuhusu meno, thamani yake ni ya namna mbili. Kwanza, jino ndilo lenye nafasi kubwa zaidi ya kudumu ardhini, kwa kuwa enameli, ganda lake la nje, ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Pili, jino limekaa ndani ya taya, na picha moja ya eksirei hukupa vyote viwili, yaani jino linalotunza kumbukumbu ya umri na taya linalotunza kumbukumbu ya uboho.

Niongeze jambo dogo ambalo huenda likakufurahisha. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika jarida la kitabibu, katika makala ya Dkt. James Herrick wa Chicago ya mwaka 1910, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, kwa jina Walter Clement Noel. Alihitimu mwaka 1907, akarudi kwao kung'oa na kuziba meno ya watu, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32.

Swali la mwanafunzi wa udaktari wa meno, Dar es Salaam: Naomba uniambie hasa ni nini kinachotafutwa kwenye picha hizo, na alama ipi inaaminika kuliko nyingine.

Jibu: Ningeanza na mahali ambapo wengi hawaanzi, yaani pango la hewa lililo ndani ya mfupa wa taya la juu, juu ya mizizi ya magego, ambalo wengi tunalijua kwa jina la sainasi. Mtoto huzaliwa na pango hilo likiwa dogo sana, na kwa kawaida hupanuka kadiri uso unavyokua. Kwa mtoto mwenye talasemia kali isiyotibiwa, uboho uliovimba hukalia nafasi hiyo na hewa haiingii, na kwenye picha pango hukosekana au huonekana dogo mno. Alama hii naipa uzito mkubwa kwa sababu upungufu wa damu unaotokana na lishe duni, ambao huko kale ulikuwa wa kawaida mno, kwa desturi hauugusi uso kwa kiasi hicho. Vitundu kwenye fuvu na kwenye paa la tundu la jicho, ambavyo kwa miongo mingi vilichukuliwa kuwa ushahidi wa malaria na talasemia tangu mtaalamu wa mifupa ya kale J. Lawrence Angel alipoandika juu ya mabaki ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1966, vina sababu nyingi. Pango lisilopanuka, likiambatana na uso uliovimba, lina sababu chache.

Jambo la pili ni umbo la taya la juu lenyewe. Hutokeza mbele, meno ya mbele husukumwa na kuachana, na ya juu hayakutani vizuri na ya chini. Madaktari wanaowatibu watoto wa talasemia wanaujua uso huo kwa kuuona tu. Katika mabaki, hata fuvu likiwa limevunjika vipande, pembe ya vishimo vya meno ya mbele hubaki ikionyesha upande ambao meno yalielekea.

Halafu kuna taya la chini. Ukingo wake wa chini huwa mwembamba, nyuzi za mfupa wa ndani huwa chache na nene, na nafasi za uboho katikati yake huwa kubwa. Mfereji unaopitisha neva ya meno ya chini huonekana kwa shida kwa sababu kuta zake zimekonda. Waliowapiga picha wagonjwa wa talasemia wa siku hizi wameeleza pia kuhusu mizizi mifupi iliyochongoka, magego yenye uvungu mpana, na kufifia kwa ule mstari mweupe mwembamba unaouzunguka mzizi, ambao ni ukuta wa kishimo cha jino. Kila moja kati ya hizi ni dhaifu ikisimama peke yake. Mizizi mifupi hurithiwa katika koo zisizo na ugonjwa wowote wa damu, na gego lenye uvungu mpana ni jambo la kawaida katika baadhi ya jamii.

Kwa selimundu hali ni ngumu zaidi. Alama inayotajwa sana ni nyuzi za mfupa zilizojipanga kwa mlalo kati ya mizizi ya magego ya chini, moja juu ya nyingine, mfano wa vipago vya ngazi. Huambatana wakati mwingine na mabaka meupe yaliyoganda ndani ya taya, mahali mfupa ulipokufa na kupona, na vijiwe vidogo katika uvungu wa jino. Ngazi hiyo ni nzuri kutazama, na nadhani uzuri wake umewapotosha watu, kwa kuwa huonekana pia katika upungufu mwingine wa damu na hata kwa watu wazima wasio na tatizo lolote. Mimi nisingekubali kwamba mtu wa kale alikuwa na selimundu kwa ushahidi wa mataya peke yake. Ningetaka kuona kichwa cha mfupa wa paja kilichokufa, pingili za uti wa mgongo zilizobonyea katikati, na mifupa ya vidole vya mtoto iliyovimba. Taya lingekuja baadaye, kama shahidi wa kuunga mkono.

Sasa kuna jambo ambalo mwanafunzi anayezoea wagonjwa walio hai halitarajii, nalo ni udongo. Pango la taya la juu likijaa udongo, picha ya kawaida ya eksirei huonyesha weupe palepale ambapo uboho uliovimba ungeonyesha weupe. Maji ya ardhini huyeyusha madini ya mfupa na kufuta mstari unaouzunguka mzizi. Jino lililodondoka baada ya kifo huacha kishimo chenye kingo kali, ilhali lililodondoka mtu akiwa hai huacha kishimo kilichozibwa na mfupa mpya, na ukilichanganya hili unaweza kulihusisha na ugonjwa pengo ambalo lilitokana na mchimbaji tu. Ndiyo sababu siku hizi hutumiwa skani ya CT, na kwa vipande vidogo skani ya CT ndogo, inayoonyesha jino kwa tabaka nyembamba kuliko unene wa unywele. Katika tabaka hizo udongo hujidhihirisha wenyewe kwa chembe zake na kwa mpangilio wake wa kutuama, na hauwezi kudhaniwa kuwa mfupa.

Umri nao usisahaulike. Mtoto mwenye talasemia kali asiyeongezewa damu kwa kawaida hufa katika miaka michache ya mwanzo, na kwa hiyo mabaki yanayotuhusu ni ya watoto ambao meno yao ya ukubwani yalikuwa bado yamejificha ndani ya taya. Bila eksirei huyaoni, labda uvunje mfupa. Gego la kwanza la ukubwani huanza kujengwa karibu na siku ya kuzaliwa na taji lake hukamilika kwenye miaka mitatu hivi, na meno mengine yana ratiba zake, hivyo hatua ya ukuaji wa meno hutoa umri ulio karibu na ukweli. Ugonjwa hudumaza mifupa mirefu zaidi kuliko unavyochelewesha meno. Mtoto ambaye meno yake yanasema miaka mitano na mfupa wa paja unasema mitatu alikuwa na tatizo la muda mrefu, ingawa tofauti hiyo haitaji ni tatizo gani.

Kuna hila moja ndogo ninayoipenda. Himoglobini ya pekee anayoitengeneza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama humkinga kwa miezi sita hivi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, katika selimundu na katika talasemia ya aina ya beta. Mstari wa msukosuko katika enameli, yaani alama inayobaki mwili ukisumbuka wakati jino linajengwa, uliojengwa kabla ya wakati huo hauwezi kulaumiwa kwa magonjwa hayo, hata kama mifupa mingine yote inayashuhudia. Kwa hiyo jino linaweza kukanusha, na katika taaluma hii kukanusha ni nusu ya kazi.

Ukitaka mfano wa uandishi wenye tahadhari, tazama Atlit-Yam, kijiji cha miaka zaidi ya 8,000 iliyopita kilichofunikwa na bahari mbele ya pwani ya Karmeli nchini Israeli, ambacho Ehud Galili alikigundua mwaka 1984 mita 8 hadi 12 chini ya maji. Mtafiti Israel Hershkovitz na wenzake walipochapisha mwaka 1991 habari za mabaki yenye dalili za talasemia kutoka hapo, waliuita ugonjwa huo kuwa unaowezekana. Hawakusema umethibitika. Anayeinukuu kazi hiyo asiliache neno hilo njiani.

Swali la msomaji wa Muscat, Oman: Bibi yangu alitoka Unguja, na katika ukoo wetu wapo wenye selimundu na wapo wenye talasemia. Nimesikia kwamba chembe zenye umbo la mundu zilionekana katika mifupa ya kale ya Ghuba. Je, ni kweli?

Jibu: Ndiyo, ziliripotiwa kutoka kisiwa cha Failaka, Kuwait, katika makaburi ya zama za Wagiriki waliofika baada ya Aleksanda. George Maat na mwenzake walichunguza mfupa kwa hadubini ya elektroni na kuona miili midogo yenye umbo la mundu. Ni habari ya kuvutia, lakini isomwe polepole. Chembe za mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote anaweza asiumwe hata siku moja, nazo hujikunja oksijeni inapokwisha, na katika maiti oksijeni imekwisha kabisa. Kwa hiyo hadubini inaweza kueleza kwamba kinasaba kilikuwapo Failaka. Ili kujua kama mtu huyo aliugua ni lazima kurudi kwenye mifupa na mataya, ambayo hubadilika kwa mgonjwa na kwa kawaida hayabadiliki kwa mbebaji.

Kuhusu ukoo wako, si ajabu. Nchini Oman watu takriban asilimia 6 wamebeba kinasaba cha selimundu na takriban asilimia 2 wamebeba cha talasemia ya beta, na katika damu za Waomani wenye selimundu hupatikana alama za vinasaba za asili ya Kiafrika pamoja na zile za Uarabuni na India. Anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja na talasemia kwa mwingine huweza kuugua ugonjwa mchanganyiko, na kwa mtu wa namna hiyo kanuni niliyoitoa hapo juu, ya kupanua na kuua, huvurugika kwa kuwa mifupa hubeba zote mbili.

Swali la mwalimu wa Kisumu: Kama vinasaba hutoa jibu la hakika, kwa nini tuhangaike na picha?

Jibu: Kwa sababu vinasaba haviko kila mahali, na kuvitafuta ni kuharibu. Kipande cha jino au cha mfupa mgumu wa sikio husagwa kuwa unga, na hakirudi. Joto na unyevu huvivunja vinasaba haraka, na nchi zenye malaria, ambako magonjwa haya yalistawi kwa kuwa mbebaji wa kinasaba kimoja huhimili malaria, ndizo hasa zenye joto na unyevu. Uhusiano huo na malaria, kwa taarifa yako, ulithibitishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchukua damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Picha haiharibu kitu, na husaidia kuchagua ni kipi kati ya mabaki mia kinachostahili kusagwa.

Tena vinasaba navyo havijitoshelezi. Mtoto wa Akhziv alikuwa na nakala mbili za badiliko ambalo kwa kawaida humuua mtoto mapema asipoongezewa damu. Kama tungekuwa na maabara peke yake tungeandika kwamba alifariki akiwa mchanga. Mabaki yake yalionyesha kwamba alifika miaka minane, na ndipo watafiti wakatafuta zaidi na kupata tofauti nyingine katika kinasaba hichohicho inayohusishwa na kuendelea kuzalisha ile himoglobini ya tumboni, ambayo ilimpunguzia makali.

Swali la mzee wa Lamu: Mnasema makaburi ya Israeli na ya Kuwait. Je, yetu nayo yamefukuliwa kwa ajili hiyo? Na ni nani aliyetoa ruhusa?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Utafiti mkubwa uliohusu makaburi ya pwani yetu, uliochapishwa mwaka 2023, ulichunguza vinasaba vya watu 80 wa takriban mwaka 1250 hadi 1800, kutoka maeneo kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Lengo lake lilikuwa nasaba, yaani mchanganyiko wa Waafrika na Waajemi ambao simulizi za Kilwa zimekuwa zikiutaja siku zote, wala halikuwa maradhi. Kwa upande wa picha za meno, mfano wetu mkubwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa laini mno, ikatolewa pamoja na udongo wake ndani ya plasta, na meno yaliyoonekana humo ndiyo yaliyosaidia kujua kwamba ni mwanadamu, na umri wake. Skani ya CT ndogo ilimtazama bila kumtoa udongoni.

Kuhusu ruhusa, naungana nawe. Idhini ya serikali na ya makumbusho ni lazima kisheria, lakini kwa makaburi ambayo watu bado huyasomea fatiha, wenye kaburi ni lazima waulizwe, na waulizwe kabla. Picha ina ubora wake hapa pia, kwa kuwa fuvu linaweza kupigwa picha na kurudishwa kaburini likiwa kamili, meno yake yote yakiwa mahali pake.

Swali la mama wa Mwanza: Mwanangu ana miaka sita, meno yake ya juu yameachana na yametokeza mbele. Je, nimpeleke kupigwa eksirei ya meno ili nijue kama ana talasemia au selimundu?

Jibu: Hapana, mama. Meno yaliyoachana katika umri huo mara nyingi ni hali ya kawaida, na njia yote ya mataya tuliyoieleza hapo juu ni ya wale wasioweza tena kutolewa damu. Mwanao anaweza. Nenda kituo cha afya uombe kipimo cha selimundu, na kama daktari ataona haja, kipimo cha aina za himoglobini, ambacho huonyesha magonjwa yote mawili. Ikiwa majibu yatasema ana selimundu, kumbuka jambo moja zaidi. Mfupa wa taya unaokosa damu huuma sawasawa na jino bovu, na wagonjwa wameng'olewa meno mazima kwa maumivu ambayo hayakutoka kwenye jino. Mweleze daktari wa meno habari za damu ya mtoto kabla hajashika koleo.